Moreli kavu za duka la Barabara ya Lamu, Malindi: uyoga wa kuthibitishwa kwa kisu kabla haujafika chunguni

Katika muda wa miezi mitano nimenunua pakiti tatu za moreli kavu, mbili kutoka duka moja la vyakula vya Kitaliano lililo kwenye Barabara ya Lamu hapa Malindi, na moja kutoka kwa muuzaji mwingine ambaye habari zake nitazieleza mbele bila kumtaja. Naandika tathmini hii kwa sababu bidhaa yenyewe ni ghali, kwa sababu wapishi wenzangu wa nyumba za wageni wamekuwa wakiniuliza kama inafaa kununuliwa, na zaidi ya yote kwa sababu ni chakula ambacho mtu asiyekijua anaweza kukipika vibaya akawadhuru wale aliokusudia kuwakirimu.

Pakiti ya duka hili ina gramu 25, nami niliinunua kwa Sh1,850. Ni mfuko wa plastiki ngumu inayoonyesha ndani, wenye lebo ya Kitaliano peke yake, na jina lililoandikwa juu ni "spugnole", neno linalotokana na spugna, yaani sifongo. Wakazi wa Malindi hawashangai kuona rafu nzima yenye maandishi ya Kitaliano. Waitaliano walirusha setilaiti kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Ngomeni, mwaka 1967, na tangu miaka hiyo lugha yao na vyakula vyao vimekuwa sehemu ya mji huu. Kwenye rafu hiyo hiyo kuna uyoga wa porcini, ambao wapishi wengi tunaujua na ambao bei yake ni nafuu zaidi. Moreli zimewekwa juu kabisa, na mara nyingi huwa pakiti tatu au nne tu.

Kiswahili hakina jina la uyoga huu, na nadhani sababu yake ni kwamba hauoti kwetu pwani. Waturuki huuita kuzugöbeği, wakimaanisha tumbo la mwanakondoo, nao walioupa jina hilo walikuwa na macho mazuri, maana kofia yake inafanana kabisa na yale matumbo yenye vyumba vyumba ambayo huuzwa kwa wachinjaji wetu. Wahindi wa Kashmir na Himachal huuita gucchi na kuupikia pilau. Mimi nitaendelea kuuita moreli.

Nianze na jambo ambalo kwangu ndilo lenye uzito kuliko yote katika kuinunua bidhaa hii, nalo ni kuitambua. Moreli ya kweli ina kofia yenye mashimo yaliyogawanywa na matuta membamba, kama sega la nyuki lililokunjwa likawa na umbo la yai au la koni. Mashimo hayo yameingia ndani hasa. Si mikunjo tu iliyolala juu ya kofia. Rangi yake huanzia manjano ya asali na kijivu hadi kahawia iliyoiva na nyeusi, kwa hiyo rangi peke yake haitoshi kuwa ushahidi. Ushahidi uko ndani. Ukiikata kwa urefu, kutoka ncha ya kofia hadi mwisho wa mguu, utakuta uwazi mmoja unaoendelea bila pamba, bila vyumba na bila nyama iliyojaa, na utaona kwamba ukingo wa chini wa kofia umeungana na mguu kiasi kwamba kofia na mguu ni chombo kimoja chenye utupu ndani. Ipo aina moja ya moreli ambayo kofia yake imeshikana na mguu nusu tu, lakini hata hiyo ndani ni tupu, na haiwi nyingi katika pakiti za biashara.

Kijana anayeuza katika duka hili analijua jambo hilo, na ndiyo sababu ya kwanza ya mimi kulisifu duka. Siku ya kwanza nilipokuwa nikiigeuzageuza pakiti mkononi, aliniambia, "Mama, usinunue kwa macho ya plastiki," kisha akanitolea moreli moja kutoka kwenye pakiti aliyokuwa ameifungua kwa ajili ya wateja, akailowesha kwenye kikombe cha maji ya moto, akanipa kisu. Tulisubiri kama robo saa, yeye akihudumia wengine. Nilipoipasua ilikuwa tupu kutoka juu hadi chini, safi, yenye kuta nyembamba za rangi ya maziwa, na harufu yake ilikuwa kati ya udongo uliotoka kunyeshewa na moshi wa kuni kavu. Sijaona duka jingine Malindi linalomruhusu mteja kupasua kitu cha bei hiyo kabla hajalipa.

Nilipofika nyumbani nilizihesabu: pakiti ya kwanza ilikuwa na moreli 31, na 29 kati yake zilikuwa nzima, mguu na kofia pamoja. Uzima huo ndio unaohalalisha bei. Moreli iliyovunjika vipande haiwezi kuthibitishwa na mtu yeyote, hata awe mjuzi namna gani, kwa kuwa alama zote mbili kubwa, uwazi mmoja na kofia iliyoungana na mguu, hupotea papo hapo inapovunjika.

Hilo nililijifunza kwa hasara. Pakiti yangu ya pili niliinunua kwa muuzaji mwingine kwa karibu nusu ya bei, ikiwa imepimwa kutoka kwenye chupa kubwa isiyo na lebo, na ndani yake hamkuwa na uyoga mzima hata mmoja. Nilipoviroweka vipande vile na kuvitandaza kwenye sinia, niliona vingi vikiwa na mashimo ya sega, lakini vipande kama vinane vilikuwa na mikunjo minene ya mviringo, yenye wekundu wa kahawia, iliyojikunja kama ubongo, na viwili kati ya hivyo vilikuwa na vyumba vidogo vidogo ndani badala ya uwazi mmoja. Sikuweza kusema kwa yakini ni uyoga gani, na kwa kuwa sikuweza kusema, nilivitupa vyote, vizuri na vibaya, kwa sababu vilikuwa vimekwisha kurowekwa katika maji mamoja. Muuzaji alipoelezwa alisema hajawahi kupata malalamiko. Sikumdai pesa zangu. Nilimwomba tu aitoe chupa ile kwenye kaunta, na hakukubali.

Wasomaji wanielewe kwa nini sikuona hayo kuwa makosa madogo. Uko uyoga unaoitwa Gyromitra esculenta, ambao kwa mbali hufanana na moreli, huota katika misitu ile ile ya misonobari na katika majira yale yale, na kofia yake ndiyo hiyo ya mikunjo ya ubongo. Una sumu iitwayo jairomitrini, ambayo mwilini hugeuka kuwa monomethilihidrazini, kemikali ambayo viwandani hutumika kama fueli ya roketi. Sumu hiyo huharibu ini na huweza kuua, na kwa kuwa huruka na mvuke, hata mpishi anayesimama juu ya sufuria inayochemka katika jiko lisilo na madirisha anaweza kudhurika kabla mlaji hajagusa sahani. Wafini huula uyoga huo baada ya kuuchemsha zaidi ya mara moja katika maji mengi na kuyamwaga maji yote, na kwao hauuzwi ila uambatane na maelezo ya onyo. Kwetu sisi hakuna mtu aliyelelewa na ujuzi huo.

Mwenzake wa pili ni Verpa, ambaye huvaa kofia kama kofia ya kweli: imeshikamana na mguu kwenye ncha ya juu tu, na pande zake zinaning'inia, na ndani ya mguu mna nyuzi kama pamba. Huyo kisu humtambua mara moja.

Mgeni mmoja niliyempikia aliniuliza kama moreli zinaweza kutafutwa katika msitu wa Arabuko-Sokoke wakati wa masika, kwa kuwa aliona msitu huo ni mkubwa, kiasi cha kilomita za mraba 420, na una unyevu wa kutosha. Jibu ni hapana, na sababu yake inaanzia ardhini. Moreli ni hasa uyoga wa nchi zenye majira ya baridi. Huchipua majira ya kuchipua yanapoanza, theluji ikiisha kuyeyuka na udongo ukipata joto la kiasi cha nyuzi 10 hivi, kwa kawaida kati ya Machi na Mei, na milimani huchelewa zaidi. Huota chini ya miti ya elmu na ashi, katika mashamba ya mitufaha mikongwe ya Ulaya na Amerika Kaskazini, chini ya misonobari, na kwenye misitu ya mierezi ya Himalaya. Aina nyingine hupenda zaidi ardhi iliyoungua: msitu wa misonobari wa magharibi mwa Marekani ukiteketea mwaka huu, waokotaji huenda kuzitafuta humo mwaka unaofuata, katikati ya majivu. Pakiti yangu ya mwisho kutoka duka la Barabara ya Lamu ilikuwa na chembe za makaa kwenye mashimo ya moreli kadhaa, nami sikuliona hilo kuwa kasoro, kwa kuwa lilinidokeza zilikotoka. Usiku wa baridi kabisa wa kusi hapa Malindi, tunapotafuta shuka la pili, udongo wetu bado una joto maradufu ya lile ambalo moreli hulisubiri.

Lebo inasema uyoga huu umetoka Uturuki, umefungashwa Italia. Naona ni vyema kwamba nchi ya asili imetajwa, kwa sababu moreli nyingi zinazouzwa duniani siku hizi hulimwa. Mmarekani Ronald Ower alichapisha mwaka 1982 maelezo ya jinsi ya kuzikuza ndani ya jengo, jambo ambalo kabla ya hapo lilikuwa limewashinda wengi, na leo wakulima wa China huzipanda mashambani kwa wingi chini ya vivuli vya neti. Ya kulimwa si mbaya. Ila anayelipa bei ya uyoga wa porini ana haki ya kujua anachokilipia, na lebo hii haisemi kama ni wa porini au wa shambani.

Nilimpelekea moreli tatu mama mmoja wa Kigiriama wa upande wa Gede, ambaye wakati wa mvua huniuzia uyoga wa vichuguu. Nilitaka kuona jicho lililozoea uyoga tangu utotoni litatazama wapi kwanza. Hakutazama kofia. Aliugeuza mguu, akatazama chini, akauliza, "Huu umeota wapi, mwanangu?" Nikamjibu kwamba umetoka Uturuki. Akanirudishia akisema, "Mimi uyoga nisioujua kichuguu chake siuli." Uyoga wake yeye hulimwa na mchwa wenyewe ndani ya kichuguu, na ukichimbwa kwa utaratibu huonekana kama mzizi mrefu unaoshuka hadi kwenye kiota chao, mzizi huo ndio shahidi wake, kama uwazi wa ndani ulivyo shahidi wa moreli. Nilimpasulia moja, akaitazama kwa makini, akakubali kwamba ni tupu, na bado hakuila. Nilimheshimu kwa hilo.

Alinionyesha pia jambo ambalo linafaa kuwafikia wale wanaookota picha za moreli kwenye simu na kwenda nazo vichakani. Katika nchi za joto, pamoja na pwani yetu, mvua ikinyesha huchipuka uyoga unaonuka kama mzoga, wenye kofia ndogo iliyofunikwa na utelezi wa kijani kibichi cha kukoza. Nzi wakishaula utelezi huo, kofia hubaki nyeupe yenye vishimo vya sega, na mtu asiyejua anaweza kuapa kwamba ameokota moreli. Itazame chini: uyoga huo hutoka ndani ya yai laini, na ganda la yai hilo hubaki kama kifuko kwenye kitako cha mguu wake. Moreli haina kifuko hicho, wala hainuki mzoga.

Sasa nifike kwenye kasoro kubwa ya bidhaa, ambayo naiweka juu ya mfungashaji na wala si ya duka. Nyuma ya pakiti kuna maelezo ya kuroweka, kuna kichocheo kifupi cha tambi zenye krimu, lakini hakuna popote palipoandikwa kwamba moreli haziliwi mbichi. Moreli halisi, iliyotambuliwa sawasawa na kukatwa kwa kisu, bado ina sumu ikiwa mbichi au ikiwa imepita motoni juu juu. Kati ya Machi na Aprili 2023, huko Bozeman katika jimbo la Montana, Marekani, watu 51 waliugua baada ya kula katika mkahawa mmoja uliokuwa ukiandaa moreli mbichi na zisizoiva vizuri, na wawili kati yao walifariki. Hazikuwa moreli bandia. Zilikuwa za kweli, za kulimwa, zilizoagizwa kutoka nje. Kukausha nako si kupika. Mpishi anayesoma kichocheo kile cha nyuma ya pakiti, kinachosema uyoga urowekwe kisha "upashwe kidogo" kwenye siagi, anaweza kuwapa wageni chakula ambacho hakijaiva, huku akiamini amefuata maelekezo. Kwa bei ya Sh1,850, mstari mmoja wa onyo haukuwa mzigo.

Mimi hufanya hivi. Naziroweka moreli katika maji ya uvuguvugu kwa nusu saa, nazipasua zote kwa urefu, kila moja bila kuiacha, kwa kuwa pakiti nzuri nayo yaweza kuchanganyikana na mgeni, na kwa kuwa ndani ya uwazi ule hujificha mchanga na wadudu wadogo waliokauka. Nazisuuza. Maji ya kurowekea nayachuja kwa kitambaa cha kuchujia tui na kuyatia kwenye mchuzi unaochemka, kamwe siyaongezi mwishoni. Kisha naziacha moreli zichemke ndani ya mchuzi kwa dakika 20 kamili, si chini ya hapo, na hazipotezi kitu; kuta zake hubaki na ukakamavu wa kupendeza mdomoni, tofauti na uyoga wa madukani ambao huishia kuwa laini kama kitambaa. Kwa mara ya kwanza mtu ale kidogo, na hata aliyezoea asile sahani nzima, kwa sababu wapo waliopata kizunguzungu na kutetemeka baada ya kula nyingi kwa mkupuo mmoja, hata zikiwa zimepikwa.

Kuhusu ladha sina shaka yoyote kwamba ni uyoga wa daraja la juu. Nilizijaribu kwa njia tatu. Tui la nazi lilizifunika. Lilikuwa kosa langu kudhani kila kitu chetu ni lazima kipitie nazi. Tambi na krimu zilifaa, na wageni walizimaliza. Lakini chakula kilichonishangaza ni pilau nyeupe, niliyoipika baada ya kukumbuka ile pilau ya Kashmir: mchele mrefu, kitunguu kilichokaangwa kwa samli hadi kikawa cha dhahabu, iliki tatu, kijiti cha mdalasini, supu ya kuku wa kienyeji, na moreli 15 zilizokwisha kuchemka zikiwekwa juu ya mchele kabla ya kuufunika. Sikutia bizari ya pilau, wala pilipili manga zaidi ya chembe chache. Mashimo yale ya sega hunywa supu na kuihifadhi, na ukiiuma moreli supu humwagika ulimini. Gramu 12 hivi zililisha watu sita, kwa hiyo gharama ya uyoga kwa kila sahani haikuzidi Sh150, hesabu ambayo sikuitarajia nilipokuwa nikilipa. Moreli hupoteza kiasi cha sehemu tisa kati ya kumi ya uzito wake inapokaushwa. Pakiti hii ndogo ni karibu robo kilo ya uyoga mbichi. Ni halali pia bila maswali, maana ndani ya pakiti hamna kingine isipokuwa uyoga, na mvinyo ambao Wazungu huutia katika mapishi yake hauhitajiki hata kidogo.

Mfuko wenyewe haufungiki tena ukishafunguliwa, na kwa hewa yetu ya chumvi na unyevu hilo ni tatizo la kweli. Nilizoziacha katika mfuko uliokunjwa kwa klipu zililegea ndani ya wiki mbili na kuanza kunuka ukungu. Ziwekwe kwenye chupa ya kioo yenye mfuniko wa kukaza, zikiwa kavu kiasi cha kuvunjika zikibanwa.

Napendekeza pakiti hii kwa mpishi aliye tayari kuzipasua zote moja moja na kukaa na sufuria dakika 20. Anayetaka uyoga wa kutupia kwenye kikaango dakika za mwisho achukue porcini wa rafu ya chini. Kwa mwenye duka niliomba jambo moja, yaani aandike onyo la kupika kwa Kiswahili na kulibandika kwenye kila pakiti, kwa kuwa mfungashaji yuko mbali na wateja wake wako hapa. Kijana alinipa kalamu pale pale, nikaandika: "Zisiliwe mbichi. Zipasuliwe. Zichemshwe dakika 20." Nilipopita tena wiki iliyofuata, pakiti mbili zilizobaki zilikuwa na karatasi hiyo mgongoni, juu ya kile kichocheo cha siagi.